Ufa wa Chumba cha Sita

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, wapangaji wa Oteng Sebego walimwita kikaoni wakamwomba asije tena kila siku.

Walimwekea kiti cha plastiki katikati ya uwanja, wao wakakaa kwenye vizingiti vya milango yao, vyumba sita vilivyojipanga mstari mmoja chini ya bati moja. Msemaji wao alikuwa Galeboe, msusi wa nywele, aliyepanga chumba cha sita pamoja na binti yake wa miaka kumi, Sedi.

"Rra Tumo," alianza, akimwita baba kwa jina la mwanawe wa kwanza kama heshima inavyotaka, "hatuna ugomvi na wewe. Maji yapo, umeme upo. Lakini juzi nimetoka kuoga nikakukuta umechutama dirishani kwangu."

"Nilikuwa natia mafuta bawaba."

"Bawaba yenyewe hailii."

"Hailii kwa sababu naitia mafuta."

Wote wakacheka isipokuwa Thuso wa chumba cha tano, ambaye alikuwa mlinzi wa usiku na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nalala mchana, rra," alisema taratibu. "Nyundo yako inaanza saa mbili asubuhi, mimi ndiyo kwanza nimefumba macho. Unagonga nini kila siku? Nyumba imeshajengwa."

Wakapatana kwamba atakuja mara moja kwa wiki, Jumamosi, na atabisha hodi kama watu wengine.

Alirudi nyumbani kwa miguu, mikono mfukoni, asijue aipeleke wapi. Kwa miaka ishirini na sita mikono hiyo ilikuwa na kazi chini ya ardhi, katika mgodi wa shaba kule kaskazini. Mgodi ulipofungwa, wenzake walinunua ng'ombe, wengine wakanunua mabasi madogo, wachache wakanywa kila walichopewa. Yeye na mkewe Segametsi walirudi Tlokweng, kwao mwanamke, na kiinua mgongo chake chote kikaenda kwenye vile vyumba sita, alivyouziwa na Rra Mogorosi, mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa akihamia kwenye mifugo yake. Chumba hakifi kwa ukame, ndivyo Oteng alivyomwambia mkewe. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya mwenye nyumba, sehemu yake kubwa, ni kukaa na kungoja. Mwezi mzima ulikuwa na siku moja tu ya shughuli, ile ya kukusanya kodi. Siku zilizobaki alilihamisha tangi la maji la nyumbani kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine, kisha akalirudisha.

"Unanizunguka kama nzi," Segametsi alimwambia, mikono yake ikiwa na unga wa magwinya, maandazi aliyokuwa akiuza asubuhi karibu na shule. "Tafuta rafiki. Nenda kanisani. Nenda popote."

Akajitahidi kuishika ahadi yake. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi alibisha hodi kwa Galeboe kubadilisha taa, na alipokuwa juu ya ngazi akaona ufa kwenye ukuta wa nyuma, mwembamba kama uzi, ukishuka kutoka pembe ya dirisha kuelekea sakafuni. Alitoa penseli, akatia alama pale ufa ulipoishia, akaandika tarehe pembeni kwa herufi ndogo.

Wiki ile aliiona haiishi. Jumatano alijikuta amesimama nje ya uzio wa vyumba vyake mwenyewe, akichungulia kama mwizi, mpaka Sedi aliyekuwa akianua nguo akamsalimia na yeye akajifanya anapita. Jumamosi ilipofika, ufa ulikuwa umeipita ile alama kwa vidole viwili. Na mvua ilikuwa haijanyesha bado hata tone.

Jioni hiyo alikuwepo shemeji yake, Kitso, mdogo wa Segametsi, dalali wa viwanja, mtu wa viatu vilivyong'arishwa na simu mbili. Alimsikiliza Oteng mpaka mwisho huku akila.

"Shemeji, ufa ni ufa tu," alisema. "Nyumba gani hapa Tlokweng haina ufa? Ila kama unakunyima usingizi, uza. Nina mwalimu na mkewe wanatafuta vyumba vya kupangisha, wanataka kumaliza mambo kabla ya Krismasi. Piga plasta, paka rangi ya maziwa, mimi nawaleta. Mnunuzi huwa anaangalia rangi."

"Plasta inafunika. Haishiki."

"Mimi nimesema ishike? Nimesema ifunike."

Segametsi hakucheka, lakini pia hakumkemea ndugu yake. Baadaye, wakiwa wawili, alisema, "Tangu tununue vile vyumba sijakuona umekaa ukamaliza kikombe cha chai. Labda si riziki yetu. Uza, tupumzike."

Jumatatu Oteng alinunua plasta na makopo mawili ya rangi ya maziwa. Yalikaa kwenye gari wiki nzima, na kila alipopita aliyatazama kupitia kioo.

Jumamosi aliyapeleka. Galeboe alikuwa amekwishasogeza vyombo. Oteng akasukuma kitanda hadi katikati ya chumba, akakwangua ukuta, akachanganya plasta kwenye ndoo. Kisha akaiweka ndoo chini, akatoka, akarudi na mtaimbo.

Mgodini, kabla ya kuanza zamu, mtu huugonga mwamba wa juu kwa mtaimbo na kusikiliza. Mwamba mzima hulia kama kengele. Mwamba uliokatika ndani kwa ndani hujibu kama ngoma. Oteng alikuwa na mwenzake, Moatlhodi, aliyeisikia ngoma hiyo asubuhi moja akasema wamalize zamu kwanza, wataitengeneza baadaye. Oteng alikuwa hatua kumi nyuma yake mwamba ulipoanguka. Tangu siku hiyo, sauti ya kitu kilicho wazi ndani ilikuwa ikimpanda miguuni kabla haijafika masikioni.

Aligonga sakafu karibu na mlango. Ikalia vizuri. Akagonga katikati. Vizuri. Akagonga kwenye pembe ya nyuma, pale kitanda kilipokuwa.

Galeboe, aliyekuwa mlangoni na chanuo mkononi, akainua kichwa. "Hebu gonga tena."

Akagonga.

"Nini kile?"

"Hakuna kitu," Oteng alisema. "Ndiyo shida yenyewe. Mma, toa vitu vyako leo. Wewe na Thuso, maana ukuta wenu ni mmoja."

Uso wa Galeboe ukabadilika. Akaingia ndani, akaketi juu ya kitanda chake kama mtu aliyekalia kiti cha mahakama. "Aa. Hadithi hii naijua. Mwenye nyumba wangu wa Mogoditshane naye alikuwa muungwana hivihivi. Eti bati linavuja, mma, tupishe wiki mbili. Nimerudi, chumba kina vigae na kodi ya watu wa ubalozi. Sitoki."

"Kodi haitapanda."

"Alisema hivyohivyo. Tena kwa sauti hiyohiyo." Akaelekeza chanuo kwenye ile pembe. "Toboa. Nione kwa macho yangu. Nikiona saruji mpaka chini, utaniomba radhi mbele ya watu wote, na wiki nzima sitaki kuiona sura yako."

Oteng aliunyanyua mtaimbo kwa mikono miwili akaushusha. Alitarajia kugonga mara kumi. Mara ya pili sakafu ikapasuka, unene wake haukuzidi vidole viwili, na chuma kikapita kama kinachopita kwenye uji. Kikamponyoka. Mtaimbo mzima, mrefu kufika mabegani mwake, ukaingia kwenye tundu dogo kuliko bakuli na kupotea.

Wakasubiri. Sauti ya kutua ilichelewa, na ilipokuja ilitoka mbali sana chini.

Harufu ilifuata, nzito, ya vitu vya zamani. Thuso alitokea mlangoni na kaptula ya kulalia, tayari kugomba, akaisikia, akaziba pua. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kuwa lile lilikuwa shimo la choo. Kuna mtu alikuwa amejenga chumba juu yake.

"Sedi analala upande wa ukutani," Galeboe alisema, bila kumwambia yeyote. "Mimi nalala huku, yeye upande ule."

Kufikia saa saba vitu vyote vya vyumba viwili vilikuwa uwanjani. Thuso alikwenda kwa binamu yake. Galeboe hakuwa na binamu mjini. Oteng akamwambia watalala sebuleni kwake mpaka apate pengine, na yeye akasema sawa, lakini aandike: kwamba chumba kitakachofuata kuwa wazi ni chake, kwa kodi ileile. Oteng aliandika nyuma ya karatasi ya kalenda, juu ya boneti ya gari, akatia sahihi. Galeboe aliisoma mara mbili, akaikunja, akaisukumiza ndani ya nguo kifuani.

Segametsi alikuwa uani gari lilipoingia na godoro, masufuria, mashine ya kukaushia nywele na mtoto. Alitazama mpaka mwisho.

"Umekwenda kupaka rangi," alisema, "umerudi na mpangaji."

Kesho yake kabla jua halijakolea Oteng alikuwa njiani kwenda kwa Rra Mogorosi, mwendo wa saa tatu, robo tatu yake mchanga mtupu. Njia nzima alikuwa akizungumza peke yake, akipanga maneno, akiyapangua, akitafuta makali zaidi. Alimkuta mzee amekaa kwenye kivuli cha ghala lake, akinywa maziwa mgando kwenye kikombe cha bati. Hakukubali kiti.

"Rra, chini ya chumba cha sita kuna nini?"

Mzee alikiweka kikombe chini polepole. "Choo cha baba yangu. Kimefunguka?"

"Ulijua."

"Nilijua kuwa tumekijaza. Matawi, makopo, nusu ya gari bovu la mjomba wangu. Juu yake nikamlipa fundi amwage zege la futi moja na nondo ndani."

"Vidole viwili, rra. Hakuna nondo."

Rra Mogorosi alitazama vidole vya Oteng vilivyokuwa vimenyooshwa mbele yake. "Mke wangu alipofariki," alisema mwishowe, "nyumba kubwa ilinishinda. Nililala chumba cha sita miaka minne. Pembe ile ile ya nyuma." Akajifuta midomo. "Kwa hiyo nimelala juu ya shimo miaka minne."

Oteng alikuwa amekuja na maneno ya kumtosha mtu hadi jioni, na sasa hayakuwa na mahali pa kutua. Alisimama pale jua likimpiga kisogoni. Mzee alisema atamtumia mitamba wawili, si kama malipo, ila hana kitu kingine. Oteng aliingia garini akarudi, na njiani alikasirika zaidi kuliko alipokuwa akienda, asijue hasa amkasirikie nani.

Kitso alipiga simu. Yule mwalimu aliyetafuta vyumba bado alikuwa anataka, vyote sita, vinne vya kwanza na viwili "vinavyohitaji marekebisho madogo".

"Mwambie kuna shimo," Oteng alisema.

"Shemeji, nikimwambia shimo hatanunua."

"Basi asinunue. Mpangaji wake atamlaza wapi mtoto?"

Oteng akaanza kubomoa vyumba viwili vya mwisho Jumatatu, kutoka kwenye bati kushuka, kwa nyundo na sululu, tofali moja moja, huku amejifunga kamba kiunoni na kuifunga ncha ya pili kwenye nguzo ya lango. Watu waliokuwa wakipita walisimama kuangalia. Wapangaji wa vyumba vinne vilivyobaki, waliokuwa wamemkataza nyundo, walimletea maji ya kunywa. Ilimchukua wiki tatu. Katikati ya wiki ya pili lori la jirani wa Rra Mogorosi liliwashusha mitamba wawili wekundu mbele ya nyumba ya Oteng, bila barua, na Segametsi akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akalia, kwa sababu hawakuwa hata na kamba ya kuwafungia.

Mvua ilinyesha tarehe nne ya mwezi wa kumi na mbili, usiku kucha, na asubuhi Oteng alikuta kingo zote za shimo zimeporomoka na kuvuta msingi uliobaki. Lingemeza gari zima. Galeboe alikuja na mwavuli, akasimama kando yake, akatazama chini kwenye maji meusi. Hakumshukuru. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akauminya kwa nguvu mpaka ukauma, kisha akaenda kazini.

Malori mawili ya mawe yaliingia humo, akayashindilia mwenyewe tabaka kwa tabaka, na juu yake hakujenga kitu. Akabaki na vyumba vinne. Galeboe na Sedi walikaa sebuleni hadi mwezi wa tatu, chumba cha nne kilipokuwa wazi. Siku walipohama, Segametsi, ambaye kwa miezi hiyo yote alikuwa amelalamika kuhusu nywele kwenye zulia, aligombana na mumewe jioni nzima kwamba angeweza kuwaambia wakae.

Nyumba ilikuwa kimya. Oteng alivumilia siku mbili. Siku ya tatu aliuza mtamba mmoja apate malipo ya awali, akampigia Kitso, na Alhamisi walikuwa kijijini Oodi, kwenye kiwanja chenye vyumba vitatu vya tofali, vimepakwa rangi mpya, vinanukia bado. Mwenye mali, kijana aliyerithi kwa shangazi yake, alimwonyesha madirisha, mita ya umeme, mlango wa chuma.

Oteng aliangalia kila kitu bila kusikiliza.

"Shangazi yako," alisema, "kabla ya hivi vyumba, choo chake kilikuwa wapi?"

Yule kijana alicheka, akamgeukia Kitso aone kama naye anacheka. Kitso alikuwa akiangalia viatu vyake. Oteng alisimama kati ya mlango wa kwanza na wa pili, akingoja jibu.