Pua ya Ukoo Wetu

Sisi wa kijiji cha Kaagya tuna pua. Marehemu baba alikuwa akiinama juu ya mtumbwi wa kutengenezea rubisi, ananusa mara moja, kisha anatangaza kama hiyo pombe ya ndizi imeiva au bado. Pua hiyo niliirithi mimi Clavery, nikaingia nayo kazini kwenye kiwanda cha barafu mjini Bukoba, ambako mitambo inapoza kwa gesi ya amonia.

Tulipogawiwa vifaa vya kupima gesi, changu nilikitundika msumarini. Niliwaambia wenzangu kwamba hicho hakijawahi kunusa rubisi. Walicheka, nami nikavimba kichwa.

Asubuhi moja Edvina, fundi mgeni kutoka Ngenge, aliingia chumba cha mashine akatoka anakohoa, machozi yakimtiririka, akasema gesi inavuja, tutoke wote. Mimi nilikuwa humo tangu alfajiri na sikusikia harufu yoyote. Koo liliniwasha, nikasingizia mafua. Sikujua kwamba pua ikishazoea amonia, huacha kukuonya. Ili kumkomesha, niliinama juu ya valvu kama baba juu ya mtumbwi, nikavuta pumzi kwa madaha.

Valvu ikanitemea usoni.

Edvina alinikokota hadi kwenye bomba la nje, akanivua shati huku maji yakinimwagikia. Nililia kama mtoto. Niliogopa kwamba sitaiona tena sura ya mke wangu Kokuberwa. Nikaomba nipakwe samli, kama tulivyopakwa nyumbani tukiungua.

“Waitu, kaka, hakuna samli. Maji tu. Fumbua macho,” alisema.

Alinishikilia pale hadi gari la hospitali lilipofika. Macho yamepona. Pua haijarudi.

Juzi kaka yangu Lwakatare aliniita Kaagya ninuse rubisi ya harusi ya binti yake. Sikuwa nimemwambia mtu. Ukoo mzima ukanizunguka, nikainama, nikanusa, nikaambulia patupu. Nikatangaza kwamba imeiva.

Wageni walinywa maji matamu ya ndizi mbivu, wakaondoka mapema, timamu kabisa. Padri peke yake ndiye aliyenishukuru. Nikalazimika kumweleza Lwakatare yote, tangu msumari hadi valvu. Alitazama vibuyu vilivyorudi vimejaa.

“Mdogo wangu,” akasema, “harusi ijayo utuletee hicho kifaa.”