Jaketi Nililolilainisha

Naandika haya kwa kina mama wenzangu wenye watoto wanaopenda maji, na kwa mafundi wa cherehani wenzangu, sisi ambao mkono ukigusa kitu kilichochakaa hautulii mpaka umekirekebisha. Someni mpaka mwisho. Mimi kilichonipata kilianza kwa mapenzi matupu, na ndiyo maana sikukiona kinakuja.

Mume wangu ni kinyozi. Vinyozi hupumzika Jumatatu, kwa hiyo siku ambayo watu wote wanakimbilia kazini, yeye ndiyo kwanza anatafuta kofia yake ya kuvulia. Msimu wa joto, shule zikifungwa, huondoka na binti yetu wa mwisho, mwenye miaka kumi na mitatu. Huyo tunamwita Sindano, kwa sababu alivyo mwembamba akigeuka ubavu unaweza kumtafuta na yupo mbele yako. Wanakwenda ziwani na shemeji yangu, fundi bomba, mdogo wake mume wangu, mwenye boti ya makasia na mdomo usiofungwa.

Samaki wanayemfuata wanamwita Midomo. Ana kinywa kipana, ngumi yangu inaingia. Hujificha kwenye majani ya maji na hapendi chambo kilicholala. Anataka kitu kinachocheza, kinachong'aa, kinachomkera. Ndipo nyuzi zangu zilipopata mwizi. Sindano alikuwa anafunga manyoya na nyuzi za rangi kwenye ndoana, ananing'iniza vishada, anavichezesha kwenye beseni kuona vinavyotikisika. Siku moja mteja alikuja kuchukua mito ya makochi yake, akahesabu vishada, akaniuliza mbona mto mmoja una pembe tatu zenye kishada na moja kipara. Nilitazama huku na huku. Kishada cha nne kilikuwa mdomoni kwa samaki.

Mimi maji nayajua ya ndooni. Kuogelea sijui. Kwa hiyo kila Jumatatu nilisimama mlangoni na maswali yangu yaleyale.

"Jaketi umechukua?"

"Nimechukua, mama."

"Umechukua au umevaa?"

"Mama, tuko sebuleni!"

"Mwache mama yako," baba yake anasema, huku anafunga viatu. "Akimaliza kuuliza tutaondoka. Leo au kesho."

Jaketi lenyewe lilikuwa la kuokoa maisha, lile la kuvaa mtu akiwa ndani ya boti ili akianguka aelee. Lilikuwa la shemeji la zamani, jekundu, limepauka mabegani. Jumatatu moja Sindano alirudi na mchubuko chini ya taya, mwekundu kama alama ya kamba. Nilimgeuza kichwa kwenye mwanga.

"Nani kakuchuna hivi?"

"Hilo jaketi," baba yake akajibu badala yake. "Gumu kama mlango, Mama Sindano. Ndiyo maana boti ikishaacha ufukwe analivua."

"Analivua?"

Akagundua amesema asichotakiwa kusema, akashika njia ya bafuni.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilipofungua kibanda changu cha ushonaji, jaketi lilikuwa kazi ya kwanza mezani. Nilijiambia, mimi nashona mito ya makochi mwaka wa kumi na tano, kitu kigumu nitashindwa kukilainisha? Nikafumua mshono wa pindo. Ndani nikakuta vipande vinne bapa, vigumu kama soli ya kandambili. Niliviona nikacheka. Nani anamfunga mtoto mbao kifuani? Nikavitoa vyote. Nikakata sponji yangu bora, ile nene ninayowawekea wateja wanaojua kuchagua, nikaijaza, nikapitisha mshono mara mbili, na shingoni nikaweka kitambaa cha pamba. Jaketi likatuna vizuri. Ukiligonga kidole kinazama.

Vile vipande vigumu sikuvitupa, fundi hatupi kitu. Mume wangu alikuwa analalamika ubao wa boti unamuumiza nyonga. Nikavibana pamoja, nikavivika kitambaa cha pazia kilichobaki, chenye maua makubwa ya manjano, nikampa mto wa kukalia.

Shemeji alipouona alishika mbavu. "Kaka, umeletewa kiti cha bwana harusi! Bibi harusi yuko wapi, au ndiyo huyo Midomo?"

"Wewe kalia ubao wako," mume wangu akamwambia. "Mimi nina mke."

Na Sindano alipovaa jaketi lake alizunguka chumba kizima nalo. "Mama, ni kama mtu amenikumbatia!" Hata vyombo aliviosha amelivaa. Tangu siku hiyo hakulivua tena ziwani hata dakika moja. Jumatatu tatu zikapita, baba yake ananiambia, "Leo pia hakulivua." Mimi nikawa natembea kichwa juu. Sikujua kwamba Jumatatu zile tatu nilimpeleka mwanangu majini bila kitu.

Jumatatu ya nne nikasema nami naenda. Nilitaka kuiona kazi yangu ikiwa kazini.

Ziwa lilikuwa limetulia, jua la saa nne limeshakuwa kali. Familia nyingine zilikuwa kwenye nyasi na viti vyao vya kukunja. Nilikaa juu ya ndoo niliyoipindua, chupa ya chai miguuni. Boti yao haikuwa mbali, kama kutoka kwangu mpaka duka la kona. Nilisikia mpaka wanachobishania.

"Baba mdogo, acha kupiga kelele, unamfukuza."

"Midomo ananisikia mimi? Labda anacheka tu."

Mara ufito wa kuvulia wa Sindano ukapinda. Akasimama.

"Kaa chini wewe!" shemeji akapaza sauti.

"Mlegezee uzi!" baba yake akasema. "Usimvute, mlegezee!"

Samaki akaruka nje ya maji, mwili mzima, akatikisa kichwa kwa hasira kama mtu anayekataa deni asilolijua. Uzi ukalegea ghafla. Sindano, aliyekuwa anavuta kwa nguvu zake zote, akaenda nyuma, akaangukia majini chali.

Sasa sikilizeni. Mimi, mama mwenye woga kuliko wote mtaani, sikupiga kelele. Kulikuwa na mama mmoja pembeni yangu, yeye ndiye aliyeshtuka. Nikamwambia, "Usihofu, ana jaketi. Nimelishona mwenyewe." Nilisema hivyo kwa majivuno, na mwanangu anazama.

Alitokeza kichwa, akavuta pumzi. Kisha jaketi likaanza kunywa. Mabega yalishuka, kidevu kikashuka, ikabaki mikono. Sindano kuogelea anajua kwa kubahatisha, lakini hata anayejua vizuri hawezi na godoro lililolowa kifuani. Nilisimama, ndoo ikabingirika, nikaingia majini na viatu mpaka magotini, na hapo nikakwama, kuogelea sijui.

Mume wangu hakufikiri. Alivuta kitu cha kwanza mkono wake ulichokigusa, ule mto aliokuwa ameukalia, akautupa. Ulianguka bapa na kukaa juu ya maji kama sahani, maua yake ya manjano yanatazama juu. Sindano akaukumbatia kwa mikono miwili. Kichwa kikatoka. Shemeji akamnyooshea kasia, wakamburuta mpaka ubavuni kwa boti, lakini kumpandisha wakashindwa.

"Mbona mzito hivi?" shemeji akahema. "Huyu si Sindano!"

Wakapiga kasia naye ananing'inia pembeni, baba yake kamshika kwapani, mpaka maji yakawa ya kiunoni. Ufito ulikwenda na samaki.

Alikohoa sana kwenye nyasi. Alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mlimwona? Mlimwona alivyo mkubwa?"

Mume wangu alivua shati lake, akamfunika nalo.

"Basi," akasema. "Imetosha. Huyu mtoto haingii tena kwenye boti."

"Nilimwambia akae," shemeji akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Haambiliki."

Sindano akainamisha kichwa, akaanza kulia kimyakimya. Kuzama hakukumliza. Hilo ndilo lililomliza.

Mimi nilikuwa namvua jaketi. Lilinielemea kama ndoo iliyojaa. Nililibana, maji yakamwagika miguuni mwangu, yakamwagika, yakamwagika. Pale kwenye nyasi ule mto wa maua ulikuwa umelala, na ukiondoa kitambaa, haukuwa umenywa hata tone. Nikaelewa yote kwa mara moja.

Nikanyamaza.

Kwa nini? Nitasema ukweli, maana bila huo maandishi haya hayana kazi. Niliona aibu, hilo moja. Lakini pia, kitu nilichokiomba kwa miaka, mwanangu asiende tena ziwani, mume wangu alikuwa amekitamka kwa kinywa chake mwenyewe. Sikuhitaji hata kugombana. Ilinibidi tu nifunge mdomo.

Nikaufunga siku sita.

Nyumba ilikuwa salama, na haikuwa na raha. Kuanzia Jumamosi mezani kwetu huwa pana visanduku vya ndoana, koleo, na baba na binti vichwa vimegusana, wanabishana kama Midomo anapenda kijani au fedha. Safari hii meza ilikuwa tupu. Siku ya sita mchana Sindano alikuja kibandani na kopo la bati. Ndani alikuwa amepanga nyuzi zangu zote alizowahi kuchukua, amezizungusha kwenye vijiti, kila rangi peke yake.

"Hizi zako, mama. Sitazihitaji."

"Kaa nazo, mwanangu."

"Za nini? Kosa ni langu. Ningekaa kama baba mdogo alivyosema, baba asingekasirika."

Akaweka kopo juu ya cherehani, akaondoka. Nilijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara nne, nikashindwa.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikajaza pipa maji mpaka juu. Nikamwita mume wangu, nikamwita Sindano, nikamtuma jirani amwite shemeji. Alikuja na spana mkononi, akidhani bomba limepasuka.

"Tazameni," nikasema.

Nikaliweka jaketi juu ya maji. Likaelea kidogo, kama linatudanganya na sisi. Nikalikandamiza, nikahesabu mpaka ishirini, nikaliachia. Halikurudi. Likateremka taratibu, wekundu wake ukawa unafifia, mpaka likagusa chini.

Kisha nikachukua mto wa maua. Nikaukandamiza kwa mikono yote miwili na uzito wa mwili wangu, nikauachia. Ukaruka juu, ukamwagia shemeji maji usoni.

"Vilivyomo humo ndani vilikuwa ndani ya jaketi," nikasema. "Mimi nilivitoa. Nikaweka sponji ya makochi. Mtoto hakuwa mzito kwa sababu ya utundu. Ni mimi."

Shemeji alijifuta uso na mkono wa shati, akamgeukia Sindano. "Mwanangu, nilikusingizia. Nisamehe."

Mume wangu alikuwa bado anatazama ndani ya pipa. "Ulijua lini?"

"Palepale ufukweni. Nilipolibana."

"Siku sita."

"Siku sita."

Aliingia ndani. Nikabaki na mikono imelowa, sijui niifute wapi. Aliporudi alikuwa na kile kifumulio changu cha mshono. Akanyoosha mkono kwenye pipa, akalivuta jaketi linachuruzika, akaniwekea vyote viwili mikononi.

"Fumua," akasema. "Lote. Asije akaliokota mtu akalivaa."

Nikakaa kwenye ngazi, nikafumua. Naye baada ya muda akaja kukaa karibu yangu, akashika upande wa pili wa kitambaa ili kisijikunje, kama anavyofanya nikiwa na pazia refu.

"Lakini mama," Sindano akasema, "lilikuwa laini kweli."

Shemeji ndiye aliyetangulia kucheka. Mume wangu akajizuia, akashindwa. "Jumatatu nne," akasema, "nimempeleka mtoto uvuvini amevaa kochi."

Ndipo shemeji akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: kwani jaketi lile lilikuwa la kifua cha nani? Jaketi lile alilinunua mwenyewe, kwa kifua chake yeye. Kwa mtoto wa umbo la Sindano lilinyanyuka mabegani na kumpanda shingoni. Tatizo halikuwa ugumu hata kidogo. Lilikuwa la mtu mzima. Mume wangu akaifuta amri yake palepale, mradi Sindano apate jaketi la kwake.

Kwa hiyo nawaambia, kina mama. Jaketi la kuokoa maisha halishonwi nyumbani. Likichanika, likimchubua mtoto, likimpwaya, mtafutieni la kifua chake, na lile la zamani mlikate vipande. Sponji laini inakunywa maji hata ukiifunga kwa mishono mia. Na kabla hajapanda boti aingie kwenye maji ya kiunoni akiwa amelivaa, anyanyue miguu, mwone kwa macho yenu kama anaelea. Mimi sasa nawafanyisha wote watatu, shemeji na kitambi chake pia, hata apige kelele vipi.

Jaketi jipya la Sindano ni la kijani, gumu kama mlango. Sikuligusa. Nilimshonea shati lenye kola ndefu ya pamba, akalivaa chini yake, na shingo yake iko salama. Mto wa maua ninao mimi. Jumatatu nakaa nao mapajani pale kwenye ndoo, nimeufunga kamba ndefu, na watu wanaonicheka wacheke.

Jumatatu iliyopita nilisimama mlangoni kama kawaida.

"Jaketi umechukua?"

Sindano alitoka chumbani, vifungo vyote vitatu vimebana, mkono umo ndani ya kopo la nyuzi.

"Nimevaa, mama. Tangu kwenye chai. Za manjano ziko wapi?"