Mnyororo Ufike Chini

...na kama ile alama ya chaki itashuka, hata kwa upana wa ukucha, wanarudi Kamachumu mikono mitupu, hilo Vestina amekwisha kuliamua, hata Tata anune njia nzima mpaka nyumbani, lakini haijashuka, au imeshuka na yeye ndiye haoni kwa sababu upepo wa ziwani unamtoa machozi, apepese, atazame tena, chaki nyeupe kwenye pete ya mnyororo, pale unapotoka mdomoni mwa mashine ya kuinulia... hapana, haijashuka, breki inashika, gogo la paini la kujaribia linaning'inia katikati ya ua wa Mzee Haidari chini ya mabomba matatu yaliyofungwa pamoja vichwani, zito, limetulia, na ubavuni mwake, palepale alipoombwa asisimame, amesimama baba yake, kiganja kimelala juu ya gamba la gogo kama mtu anayempoza ng'ombe kabla ya kumkamua. "Tata, toka hapo," amesema, na hii si mara ya kwanza, na Tata amejibu, "Natoka, mwana wange," bila kuinua hata kisigino, na Mzee Haidari, ambaye vyuma hivi vyote vilivyotumika ni vyake, vya gereji na vya mitumbwi na vya watu waliohama, amecheka, "Injinia, hilo gogo halina miguu, linakwenda wapi?" na Tata akamwambia, "Mwache, huyu alizaliwa akikagua kitanda," na wakacheka wote wawili, wazee wenye mashavu yaliyovimba kidogo upande mmoja kwa buni za kahawa, wameshatafuna tangu walipoingia, ila yeye zake bado anazo, tatu, ndani ya ngumi, zimeanza kulowa jasho, kwa sababu Tata ndivyo alivyomlea, ukishatafuna kahawa ya mtu umekuwa mgeni wake, huwezi tena kumwambia usoni kwamba chuma chake kibovu, na yeye amekuja hapa Hamugembe kwa kazi hiyohiyo, kuwaambia watu kwamba chuma chao kibovu, hawezi kufanya kazi hiyo na kahawa mdomoni.

Ila hiki si kibovu, hilo ndilo linalomkera, cheni bloku hii ya bluu ilikuwa ikitoa injini za malori kwenye gereji moja huko Kashai, na alipoikuta imepakwa rangi mpya moyo ulimlipuka, rangi mpya kwenye chuma cha zamani ni ya kuficha ufa, akaikwangua kwa funguo mbele ya mwenyewe, Tata akageuka kutazama pembeni kwa aibu, akapima pete kwa kalipa yake ya chuo, moja baada ya nyingine, hazijalika, akapima mdomo wa ndoano, haujapanuka, kasoro ni moja tu, kile kilimi kinachofunga ndoano ili kamba isichomoke hakipo, kitu kidogo, kinabadilishwa... lakini kuwa nzima si kuwa ya kufaa, hivyo ndivyo alivyomweleza Tata asubuhi wakati wa chai, akachora kabisa, tazama Tata, cheni bloku inataka watu wawili, mmoja avute mnyororo, mwingine aliongoze gogo mpaka likae kwenye meza ya msumeno wako wa mbao, wewe watu wawili unawatoa wapi, na winchi, ile ya kijani pale juu ya tairi bovu, iliyokuwa ikivuta mitumbwi ufukweni Goziba, inataka mtu mmoja, amesimama mbali kwenye nguzo yake, anazungusha mkono, meno yanauma kila hatua, waya unapita kwenye kapi, gogo linapanda huko na mtu yuko huku, mbali, mbali kabisa, neno hilo alilipigia mstari, na Tata akautazama mchoro kwa heshima kubwa, akanywa chai yake, akasema, "Umechora vizuri waitu," kwa sauti ileile aliyoisifia michoro yake ya kuku alipokuwa darasa la pili.

Mbali, kwa sababu ya Januari, "gogo limenibusu kidole," ndivyo Tata alivyompa habari kwenye simu, anacheka, na yeye akacheka naye, ni mama ndiye aliyekuja kumwambia yaliyobaki, kwamba gogo lilirudi nyuma kwenye miti ya kulipandishia, likamkalia mguu, na alikuwa peke yake, mama yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na Tata alikaa pale chini, mguu umebanwa, amezima injini ili sauti yake isikike, hakuna wa kuisikia, mpaka mama aliporudi na kupenya migombani akimtafuta... na tangu siku hiyo kila simu ya mama ikiita huipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, hata kama mama anataka tu kuuliza kama huko Mwanza aliko mvua imenyesha, na kiatu cha Tata cha kulia mpaka leo amekikata mbele, dole gumba limetokeza, jeusi, kama linachungulia biashara hii na lenyewe. "Na mtu akikaa," Tata anauliza sasa, bila kuondoa kiganja, "akiwa amekaa tu, huu mnyororo wa kuvutia ataumudu?" Mzee Haidari anajibu, "Mzee Apolinary, hata bibi yangu angeumudu, tatizo lako unataka kupasua mbao ukiwa umelala," na huyu baba yake naye, aibu gani hii, kwani kabla ya kulipandisha hili gogo si alichukua ndoo akaigeuza, akaketi juu yake katikati ya ua wa watu, akavuta mnyororo taratibu, kushoto, kulia, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, Mzee Haidari akamwuliza, "Unavuta mashine au unakamua mbuzi?" na akataka mnyororo uongezwe, ufike chini zaidi, na yeye Vestina akadakia haraka, hapana, ukifika chini utaokota mchanga na unga wa mbao, pete zitalika, na Tata akauachia mnyororo, habishani wala hakubali.

Atazame alama... ipo. Zamani hakukuwa na mashine yoyote, gogo likishafika uani kwao Tata alichinja jogoo, mama akapika ndizi, ebitoke, sufuria mbili, pipa la rubisi, pombe ya ndizi, likatolewa, na wanaume wa mtaa wote wakaja na miti yao mabegani, na mbele yao Bartholomayo, rafiki wa Tata tangu kipaimara, ambaye yeye hakusukuma sana, kazi yake ilikuwa kuita, kila gogo kwake ni bibi harusi, "Njoo bibi harusi, njoo taratibu, mkweo anakutazama," na wanaume wanaitika kwa mabega, na bibi harusi anapanda, anakaa mezani, na Vestina mdogo juu ya mpera akidhani magogo yanapanda kwa sababu yameombwa vizuri. Kisha vijana wakaenda visiwani, Bumbire na Goziba, kwenye samaki, wengine wakapanda bodaboda, wakabaki wazee wawili na mitaimbo, kisha Bartholomayo akaumwa magoti, akaja mara moja akashindwa kukaza, gogo likayumba, Tata akalishika, Bartholomayo akaweka mtaimbo chini, na hakuja tena. Sasa akienda dukani anapita njia ya chini, nyuma ya mibuni, ili asionekane kutoka kwenye mashine, Tata humpelekea mabanzi ya kuni, yeye hurudisha mkungu wa ndizi, lakini hurudisha kwa mkono wa mtu, na Krismasi iliyopita Vestina mwenyewe aliona, Tata alizima injini ghafla katikati ya ubao, akasimama, kichwa ameinamisha, na kutoka huko chini ikasikika fimbo, ko, ko, ikapita, ikafifia, ndipo Tata akawasha tena, na alipomwuliza kuna nini akasema, "Msumeno ulikuwa umepata moto."

"Ile ya kijani nimeijaribu," Tata anamwambia Mzee Haidari, "si mbaya, lakini ile inataka mtu asimame, akaze magoti," na Mzee Haidari anasema, "Basi chagua, bluu au kijani, jua linatuchoma," na Vestina amekwisha kufungua mdomo aseme kijani, kijani Mzee Haidari, lakini ngoja, magoti, amesema magoti... Tata haumwi magoti. Tata anaumwa dole. Tata ana magoti ya kijana, Jumapili nzima ya Matawi amepiga magoti kwenye saruji bila kuegemea benchi, magoti ya nani sasa, nani anayehitaji kuvuta akiwa amekaa, miguu imenyooshwa, mnyororo umfikie chini... na ghafla anaiona ile ndoo iliyogeuzwa, bado ipo palepale karibu na mguu wa bomba, na Tata aliyeikalia hakuwa Tata, alikuwa mwingine, alikuwa akimjaribia mtu kiti kama mtu anavyomjaribia ndugu yake koti dukani kwa sababu miili yao inalingana, na tangu asubuhi amekuwa akikubali kila kasoro aliyotajiwa, inataka watu wawili, ndiyo mwana wange, inataka watu wawili, na yeye alidhani baba anazeeka, haelewi. Ee Tata. Na ile winchi yake ya kijani, na neno lake mbali lenye mstari chini... mbali na gogo, sawa, lakini peke yake, mzee mmoja na waya mmoja mlimani, na waya ukikatika atazima injini na kuita, na nani atasikia, alichora kila kitu, alichora nguzo, kapi, meno, pembe ya waya, hakuchora mtu wa pili, na siku ile ya Januari kilichokosekana hakikuwa chuma tu. Wazee wawili basi, mmoja kwenye kiti, anavuta na kuita, mwingine anaongoza, kwa kamba, atamfungia kamba ndefu kwenye ncha ya gogo asilazimike kulisogelea, na atalisogelea tu, ataligusa tu, hilo analijua, lakini atakuwepo wa kumfokea, mwenye sauti kubwa kuliko ya kwake ya kwenye simu, na mchanga kwenye mnyororo, mchanga unafutwa kwa kitambaa na oili, Bartholomayo atakuwa na mikono, atafuta.

"Mzee Haidari," anasema, "ndoano iwekwe kilimi kipya, bila kilimi hatuondoki nayo. Na mnyororo wa kuvutia uongezwe."

"Si wewe uliyekataa, injinia? Uongezwe mpaka wapi?"

Anavuta ile ndoo kwa mguu, anaketi, ndoo inapinda kidogo, ananyoosha miguu mbele kama alivyoona ikinyooshwa, anainua mkono mpaka pale mkono wa mtu mzima asiyetaka kujisumbua unapofika. "Hapa," anasema, "ufike hapa," na hamtazami Tata, anaona tu kiatu chake kilichokatwa, dole jeusi, na Tata naye hamtazami, kiganja bado kiko juu ya gamba la gogo, ila midomo yake inacheza, anamwambia bibi harusi kitu kwa sauti ya chini, na kule juu, chini ya mdomo wa mashine, alama ya chaki iko palepale ilipokuwa, na Vestina anafungua ngumi, anatia buni zote tatu mdomoni kwa pamoja, chungu, zina jasho lake, anatafuna.