Mlinzi wa Ndani

"Bosi, moshi iko ndani."

Oyet alikuwa amejibana kwenye dirisha la nondo akitafuta hewa, simu ikimgusa mdomo. Nyuma yake magodoro ya bosi wake, Oketch, yalirundikana mpaka darini, na kando yake yalisimama madebe ya gundi. Moshi mweusi ulipenya kwenye ukuta wa nyuma, upande wa gereji ya jirani. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulifungwa kwa kufuli nje, kama kila Jumapili.

Ndivyo watu wa bima walivyotaka. Wezi walishamkomba Oketch mara moja, na wakala akakubali kuikatia bima stoo hiyo ya mtaani Kisenyi, ya moto na ya wizi, kwa sharti kwamba kufuli likae nje na mlinzi akae ndani, asije akawafungulia wezi. Oketch, Mkenya mcha Mungu, alikuwa akifunga mlango asubuhi, anakwenda kanisani, anarudi jioni. Oyet hakuwahi kulalamika. Mtu aliyekuwa mwanajeshi, aliyelala mahandakini, ataogopaje chumba? Hivyo ndivyo alivyokuwa akijidanganya.

"Moto umeuona?" Oketch aliuliza. Kwaya ilisikika nyuma yake.

"Moto bado. Kuja na funguo, bosi, mimi nakufa huku."

"Nakuja! Lakini usiache mtu avunje hiyo kufuli, umeskia? Watu watabeba kila kitu, na bima watasema sisi ndio tulifungua. Hawatalipa."

"Moto ikikula, watalipa?"

"Ya moto watalipa."

"Na mimi?"

Oyet alisubiri jibu, huku kwaya ikimaliza ubeti na kuanza mwingine. Ndipo hofu ikamshika barabara. Hata vitani hakuwahi kuogopa hivyo. Kule angalau mtu alikuwa na pa kukimbilia.

Nje, Mama Exaucée, Mkongomani anayeuza chai mbele ya stoo, alikuwa akipiga kelele. "Papa Oyet! Uko muzima? Tufanye namna gani?"

"Vunja!" Oyet akafoka. "Vunja kufuli!"

Fundi mmoja wa gereji alikuja mbio na nyundo. Kufuli lilipoachia, Oyet alikuwa amepiga magoti, shati mdomoni. Akaangukia nje, akatapika vumbini.

Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Mafuta machafu yalikuwa yameshika moto nyuma ya ukuta, na mafundi wakayamwagia mchanga mpaka yakazimika. Hakuna hata godoro moja lililoungua. Lakini watu walishaanza kuchungulia stoo, na Oyet, huku akiyumba, akajikokota hadi mlangoni.

"Hakuna kuingia," akawaambia, akasimama hapo mpaka Oketch alipofika kwa bodaboda.

Oketch alimshika mabega, machozi yakimlengalenga. "Asante Mungu uko sawa, Oyet. Asante Mungu." Aliyasema kwa moyo wake wote. Kisha akatoa mfukoni kufuli jipya alilolinunua njiani baada ya kumsikia Oyet kwenye simu akiamuru lile la zamani livunjwe, akasogea kando ili Oyet apite aingie.

Oyet akalichukua kufuli. Akauvuta mlango, akaufunga mwenyewe kwa nje, akampa bosi wake funguo.

"Oyet, bima wanataka..."

"Najua, bosi."

Akaketi chini, mgongo mlangoni, upande wa watu. Mama Exaucée akamletea chai. Akainywa hapohapo, nje.