Dakika Arobaini za Hasira

Iguttaq alipanda juu ya mizani ya uwanja wa ndege wa Kugaaruk, kaskazini kwenye barafu, akiwa amekumbatia sanduku la samaki walioganda kama kuni.

"Shangazi, samaki wanapimwa peke yao," alisema Sabina wa tiketi.

"Wapime. Wao hawajagombana na mtu."

"Samaki wote hawa kwa dakika ishirini?"

Iguttaq alijifanya kiziwi. Kutoka hapo hadi Taloyoak ni dakika arobaini angani. Ndege hukaa chini dakika ishirini, kisha hugeuza. Alikuwa amekata tiketi ya kwenda na kurudi kwa ndege hiyohiyo. Atamwona mama yake palepale uwanjani, amsalimie, arudi zake. Nyumbani kwa mdogo wake Nilaulaq hatakanyaga.

Mama yao, Arnaluaq, alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Lakini mwezi uliopita binti wa Nilaulaq alijifungua mtoto wa kike, naye akapewa jina hilo. Na kwa desturi yao, jina likirudi, mwenyewe karudi. Kitoto kile ni mama, na huitwa mama. Nani atakataa wito wa mama? Nilaulaq alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alituma ujumbe kwamba mama anamwita. Ndiye pia aliyeondoka na kisu cha mama, kile cha umbo la mwezi nusu cha kuchunia sili, mnyama wa bahari ya barafu, kabla machozi ya mazishi hayajakauka. Tangu siku ile dada hawa hawajapeana hata salamu.

Ndege ilipopaa, Iguttaq akaanza kupanga maneno yake. Zamani, kwa kigari cha theluji kivutwacho na mbwa, njia hii ilikula siku nne. Ungeondoka na hasira yako kama mzigo wa nyama: siku ya kwanza inakupa joto, ya pili unaitafuna, ya tatu unawatupia mbwa, ya nne unafika mikono mitupu, hutaki ila chai. Ndege haina adabu hiyo. Inakushusha na hasira ingali inafuka mvuke.

"Huwezi kwenda polepole?" alimwuliza rubani, aliyeketi karibu kiasi cha kuguswa bega.

"Nikienda polepole sana, bibi, tutaanguka."

"Vijana hamkosi visingizio."

Nilaulaq alikuwa amesimama mlangoni pa uwanja wa Taloyoak, amezeeka bila kumwomba mtu ruhusa, mtoto kamtia katika kofia pana ya koti lake, mgongoni. Hakumtazama dada yake. Alilisemesha bega lake mwenyewe.

"Mama, binti yako mkubwa kafika. Kachelewa, kama kawaida yake."

Iguttaq alikuwa na maneno matano, yote yamenolewa. Mtoto akafumbua jicho moja, akamkazia lile jicho lililokuwa likimfuma zamani akidokoa mafuta ya sili. Maneno yakamponyoka. Likabaki moja tu, nalo la mtoto wa miaka sita.

"Mama, Nilaulaq kachukua kisu chako."

"Mama, mwambie kiko mezani. Kila mwaka nakinoa, mkataji haji."

Mtoto akapiga chafya.

"Kasema nini?" aliuliza Nilaulaq.

"Kasema anasikia baridi."

Rubani akaja, akaliweka sanduku la samaki miguuni pao. "Bibi, tunageuza. Unapanda?"

Iguttaq aliingiza kidole ndani ya kofia, kikashikwa.

"Nenda tu. Mimi nitarudi kwa mbwa."

"Mbwa wenyewe hatuna," alisema Nilaulaq, na safari hii alimtazama usoni. "Wa mwisho alikufa kabla ya mama."

"Najua," alisema Iguttaq. "Ndiyo maana nimeleta samaki wa kutosha siku nyingi."