Boksi la Ijumaa

Boksi la dawa lilifika kwenye zahanati yetu, karibu na Kisian, Ijumaa moja ya mwaka 1987. Lori la serikali lililishusha, dereva akanipa karatasi nitie sahihi, akaenda zake. Rafu zangu zilikuwa tupu kwa siku kumi na moja. Dawa za mwezi mzima ziliisha wiki ya tatu, kama kawaida, maana waliotupimia huko Nairobi hawakuwahi kuulizana na mbu wetu.

Kanuni ilikuwa fupi: boksi lisifunguliwe ila mbele ya naibu wa chifu, ahesabu, atie sahihi. Ilitungwa kwa sababu dawa za bure zilikuwa na mazoea ya kupotea njia na kuonekana madukani. Mwenzangu Wasike alikata mkanda wa boksi peke yake mwaka uliotangulia. Alisema ni kwa ajili ya mgonjwa, nani amwamini? Alifutwa kazi, akaishia kuuza makaa Nyamasaria. Mimi Nabalayo, muuguzi, mtu wa kuja kutoka Bungoma, mwenye watoto watatu, nilijua kwangu hawangeuliza hata swali.

Naibu wa chifu, Bwana Ogola, alikuwa amekwenda matangani Siaya. Alituma neno kwamba angerudi Jumamosi mchana.

Jumamosi asubuhi akaja Seline, muuza dagaa wa omena, amembeba Apiyo, mmoja wa mapacha wake. Mtoto alikuwa na malaria, mwili moto, macho hayatulii. Benchi lilikuwa limejaa. Nikalivuta lile boksi mpaka ukutani, Seline akaketi juu yake.

"Sista, dawa imekuja?"

"Bado," nikasema.

Ningesema imekuja, benchi zima lingeniinukia. Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa mjini. Akasema nauli yuko nayo baba watoto, na baba watoto yuko ziwani, afadhali angoje hapa.

Nikampa kitambaa na maji ampanguse mtoto. Adhuhuri ikapita, Ogola hakuonekana. Saa nane Apiyo akashikwa na degedege. Niliingia chumba cha sindano, nikachukua mkasi. Nilisimama nao. Niliogopa, sina neno jingine la kuweka hapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyoka wangu alikuwa Wasike na magunia yake ya makaa. Nikaurudisha mkasi kwenye trei, nikatoka na kitambaa kingine.

Saa kumi Apiyo alikufa, mamake akiwa bado ameketi juu ya boksi. Wanawake wakapiga nduru. Mimi nikaandika jina kwenye daftari, umri miaka miwili, nikafagia chumba. Nilingoja nilie. Sikulia, na hilo lilinitisha kidogo, kisha halikunitisha tena.

Ogola alikuja Jumatatu, akaniomba radhi, mazishi yalichelewa. Tukakata mkanda. Sindano za malaria zilikuwa juu kabisa, chini ya karatasi moja. Akahesabu polepole, akilowesha kidole kwa mate. Mwisho wa fomu palikuwa na swali.

"Kuna kitu imepungua, Sista?"

"Hakuna."

Akaandika hakuna, akatia sahihi. Nami nikatia yangu. Akanisifu kwamba kazi yangu ni safi.

Alipoondoka tu, Seline akaingia. Alikuwa amembeba Adongo, pacha aliyebaki, naye anachemka vilevile. Hakuuliza kama dawa zipo, aliona nikijaza bomba la sindano. Halafu akaliona boksi ukutani, limefunguliwa.

"Sista, si ni hii mimi nilikalia?"

"Ni hilo."

"Dawa ilikuwa ndani?"

"Ilikuwa ndani."

Nilitamani anitukane, anipige hata, nisikie kitu. Akamgeuza Adongo mapajani, akamvua kaptura.

"Basi mdunge," akasema.

Nikamdunga.