Mvua Tuliyokubaliana

Muhula wa pili intaneti ilifika shuleni kwetu Boito, na tangu siku hiyo mvua ikaanza kunyesha kwa adabu.

Mradi uliitwa Kujifunza kwa Ushirikiano. Wanafunzi wa Gredi ya Tisa wa shule tatu, yetu, moja ya Roret na moja ya Siongiroi, wapime mvua kila asubuhi, waandike kwenye jedwali moja mtandaoni, kisha wajadiliane kwa nini huku kunanyesha na kule hakunyeshi. Wazo zuri. Mimi, Ogola, mwalimu wa sayansi, nililipigia makofi, na ndiyo sababu nikapewa kulisimamia. Afisa wa mradi, Bwana Joab, alitueleza jambo moja tu: vipimo vya shule vikipishana sana, jedwali hugeuka jekundu, vikikaribiana, hubaki kijani. Wakubwa wake wanapenda kijani. Aliyelitengeneza jedwali hilo, nadhani, hakuambiwa kwamba wachuma chai wa Boito wanaweza kushinda wamevaa makoti ya plastiki huku ng'ombe wa Siongiroi wakitafuta maji.

Wiki ya kwanza jedwali lilikuwa jekundu, kama ilivyostahili, na Joab akapiga simu mara nne. Wiki ya pili sisi walimu watatu, Kipkurui wa Roret, Madam Fancy wa Siongiroi na mimi, tukafungua grupu ya WhatsApp. Kila asubuhi kabla ya gwaride Kipkurui aliuliza leo tuweke ngapi. Fancy, mtu asiyependa makuu, akapendekeza milimita kumi na mbili, na kumi na mbili ikapita. Wanafunzi wakasomewa kutoka kwenye simu, wakaandika kwenye vishikwambi, jedwali likawa kijani kama chai iliyotoka kutiwa mbolea. Hakuna shule zilizoshirikiana kama sisi. Hata Jumapili, tukiwa kanisani, kulinyesha kwa kauli moja.

Shida ilikuwa Chepngeno, mwanafunzi wangu aliyeshika kishikwambi cha darasa. Huyu alikata chupa ya soda, akaibandika rula, akaisimika nyuma ya vyoo ambako hakuna mti, na kila asubuhi akawa anakwenda kuisoma. Hakuwa mtundu. Alitaka shule ya upili yenye maabara, asomee sayansi, na alama ya mradi huu ingeingia kwenye matokeo ya kumpeleka huko au kumnyima. Kwa hiyo alifanya kazi kwa bidii, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipangia. Jumanne moja, siku tuliyokubaliana kumi na moja, yeye akaandika thelathini na nne. Jedwali likawaka jekundu.

Joab aliniuliza kwa simu kama nina mwanafunzi asiyejua kusoma rula. Nikamwita Chepngeno kwenye ofisi ya walimu, nikamwambia kwa sauti ya kibaba arekebishe.

"Mwalimu, kwani mvua ilinyesha ngapi?"

"Ile tumekubaliana."

Aliomba msamaha, akasema kesho atapima vizuri zaidi. Alidhani kosa ni lake. Hapo ndipo nilipopaswa kusema neno, na mimi nikaenda kunywa chai.

Kesho yake alipima vizuri zaidi, jedwali likawa jekundu zaidi. Nikamnyang'anya kishikwambi nikampa Vinny, kijana mtiifu, ambaye aliandika alichosomewa bila kusumbua mtu.

Mwisho wa muhula ilikuwa lazima nimpe kila mwanafunzi alama ya ushirikiano. Joab alituma ujumbe kwamba waliolivuruga jedwali wasipewe alama nzuri, maana ripoti haina budi kulingana na jedwali. Vinny, ambaye hakuwahi kutoka darasani kutazama hata wingu, akapata Amezidi Matarajio. Kwenye jina la Chepngeno nilikaa muda mrefu. Ningeweza kumpa haki yake. Joab angeuliza kwa nini, ningemweleza habari za grupu, na walimu watatu wangeitwa kujieleza. Niliogopa. Nikabonyeza Chini ya Matarajio.

Saa ya chakula alinikuta nje ya ofisi. Alikuwa ameyaona matokeo ukutani, na daftari lake la vipimo vya mvua lilikuwa kwapani. Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya.

"Mwalimu, hii alama ni wewe umeandika, ama pia hii mlikubaliana?"

Maisha yangu yote sijawahi kuitamani ile grupu kama dakika hiyo.

"Ni mimi," nikasema. "Peke yangu."

Aliitikia kwa kichwa, akafungua daftari, akaliandika jibu langu pamoja na tarehe.